Cormorant: fonti ya bure iliyobadilisha kadi zangu za harusi

Andika neno "kukukaribisha" kwa Cormorant, ukubwa wa pointi 40, kisha ulitazame kabla hujaandika lolote jingine. K tatu, b moja na h moja zinapanda juu kama milingoti ya majahazi yaliyofungwa pamoja, na katikati yake u, a, r, i na s zimekaa chini kabisa, ndogo na zimetulia. Neno hilo nimelichapa kwa miaka mingi, maana ni nadra kadi ya mwaliko kutoka dukani kwangu bila hilo, na siku zote nililichukulia kuwa neno refu la kunilia nafasi. Cormorant ndiyo iliyonionyesha kuwa ni neno zuri.

Nina duka la kadi hapa Ngamiani, Tanga. Natengeneza kadi za harusi, za sendofu, za kicheni pati, za akika, za mahafali, na pale Mungu anapopitisha la kwake, kadi za shukrani baada ya arobaini. Fonti hii ninaitumia mwaka wa tatu sasa. Nimeichapa kwa printa ya leza, nimeipeleka kupigwa dhahabu, nimeiweka kwenye bango la ukumbini, nimeituma kwa WhatsApp. Imenipa kazi ambazo ninajivunia hadi leo, na imeniharibia kazi moja ambayo nitaieleza. Naandika haya kwa sababu wenzangu wa kadi wananiuliza mara kwa mara ile fonti ya majina nimeinunua wapi, na jibu kwamba haiuzwi linawafanya wadhani nawaficha.

Kabla yake nilikuwa mtu wa Monotype Corsiva, kama karibu kila stationari ninayoijua. Patricia Saunders aliichora mwaka 1991 kwa kufuata mwandiko wa kalamu wa makarani wa Italia, ikaja na Microsoft Office, na huku kwetu ikawa ndiyo sura ya kila kitu kinachotaka heshima. Uchoraji wake hauna kasoro. Tatizo ni kwamba ukishaiona kwenye cheti cha chekechea, kwenye ratiba ya mazishi na kwenye orodha ya bei za chipsi, haiwezi tena kubeba jina la bibi harusi. Mmoja aliniambia hivyo hivyo, tena kwa upole: "Dada, haya si ndiyo maandishi ya kwenye cheti changu cha kompyuta?" Nikatazama kadi, nikatazama uso wake, nikamwomba siku mbili.

Katika siku hizo mbili ndipo nilipoikuta Cormorant kwenye maktaba ya Google Fonts. Mchoraji wake ni Christian Thalmann wa Uswisi, anayetoa kazi zake kwa jina la Catharsis Fonts. Jina Cormorant ni la ndege, na ndege huyo sisi tunamwita mnandi: yule mweusi mwenye shingo ndefu anayezamia samaki. Shingo ndefu inaifaa fonti hii, kwa sababu kitu cha kwanza utakachokiona ni urefu wa zile herufi zinazopanda, yaani b, d, h, k na l, ukilinganisha na udogo wa a, e na o.

Chimbuko la maumbo yake ni Paris ya karne ya 16, kwa Claude Garamont, mchonga herufi aliyefariki mwaka 1561. Mtu huyu alichonga herufi za chuma, moja moja kwa mkono, zikatumika kupiga chapa vitabu, na mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa alimwagiza hata herufi za Kigiriki. Baadhi ya vyuma vyake bado vipo katika makumbusho ya Plantin-Moretus huko Antwerp. Hapa niingize jambo lililonishangaza: ile "Garamond" iliyomo kwenye Word, ambayo nilikuwa najisifia kuitumia, haitokani na mkono wake. Inatokana na herufi za Jean Jannon, Mfaransa aliyekuja miongo mingi baada yake, na watu walizichanganya hadi mtafiti wa uchapaji Beatrice Warde alipofumbua jambo hilo mwaka 1926. Thalmann kwa upande wake hakunakili chapa yoyote moja ya zamani. Alichukua roho ya Garamont, akachora upya.

Na hapo ndipo ninapoona bahati ya sisi waandishi wa Kiswahili. Fikiria herufi ambazo Garamont alizihitaji. Kazi yake ilikuwa vitabu vya Kilatini, Kifaransa na Kigiriki. Kilatini hakina W, na K hukioni ila kwa kutafuta. Kifaransa nacho kinazitumia hizo mbili kwenye maneno ya kuazima tu. Sasa chukua kadi ya kwetu: Kwa, Kanisa, Karibuni, Kamati, Wazazi, Wanayo furaha, Wapendwa. Ukiondoa K na W, kadi ya Kiswahili inabaki nusu. Fonti nyingi za kufufua chapa za zamani za Ulaya zina A, Q na R za kuvutia, halafu ukifika kwenye K na W unaona mchoraji alimaliza haraka aende nyumbani. Q yenye mkia mrefu ndiyo wanayoiweka kwenye picha ya matangazo, nami sina pa kuiweka Q! Kiswahili hakina.

Kwa Cormorant nilijaribu K kwanza. Niliichapa peke yake, kubwa, ukurasa mzima wa A4, nikaibandika ukutani. Mkono wa juu ni mwembamba kama uzi na unaishia kwenye kijino kikali. Mguu wa chini umenyooshwa mbele, umekanyaga kwa uhakika, unaikaribisha herufi inayofuata. Hivyo vijino vya mwishoni mwa mistari, ambavyo watu wa fani huviita serifu, vimechongoka kweli kweli, kama ncha ya kalamu ya mwanzi iliyochongwa asubuhi. Unene na wembamba wa mistari unafuata mkono wa mtu aliyeshika kalamu bapa: akishuka mstari unanenepa, akipanda unakonda. Baada ya K nikachapa W, kisha M, kisha Y. Zote zilikuwa na heshima ile ile. Hapo nikajua nimepata fonti inayoweza kuandika Mwanakheri, Wakati, Yusufu na Kombo bila kuona haya.

Kwa majina ya maharusi natumia tawi la familia hii linaloitwa Cormorant Upright. Ni herufi za mlazo zilizosimamishwa wima. Yaani umbo lake ni la mwandiko wa kuunganisha, a ina tumbo moja kama tunavyoiandika kwa mkono, mistari inaingia na kutoka kwa mkunjo, lakini herufi zenyewe hazijalala upande. Faida yake kwenye kadi ni kubwa. Majina mawili yakiwa juu na chini, na "na" katikati, maandishi ya mlazo huvuta kadi nzima kulia, na unaishia kusogeza majina kushoto kwa kubahatisha mpaka jicho liridhike. Upright inasimama katikati na inabaki katikati. Naiweka pointi 48 kwa jina fupi, 38 hadi 40 kwa jina refu, kwenye kadi ya A5 iliyokunjwa. Chini ya pointi 24 siitumii.

Sasa kazi iliyoharibika. Ilikuwa kati ya zile za mwanzo, nilipokuwa bado nimelewa uzuri wake. Cormorant inakuja kwa unene wa ngazi tano, kuanzia Light hadi Bold, na Light kwenye skrini ya kompyuta inapendeza mno. Nikaandika kadi yote kwa Light: majina, maneno ya wazazi, ukumbi, saa, hadi namba za simu za kamati, haya ya mwisho kwa pointi 10. Wino ukawa kahawia hafifu, karatasi rangi ya krimu yenye kung'aa. Kadi 200. Nilipozipanga mezani nilijiona nimefika.

Siku tatu baadaye akaja baba mdogo wa bwana harusi. Hakukaa. Aliichukua kadi, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaivuta karibu, akaipeleka mbali.

"Mwanangu, hapa pameandikwa saa ngapi?"

"Saa nane mchana, baba."

"Na ukumbi?"

Nikamsomea ukumbi. Akaniambia kwamba kadi ni nzuri, ila mwaliko ambao mzee hausomi hajaalikwa. Hakupandisha sauti. Nilizichapa upya zote kwa gharama yangu, na hadi leo kadi moja ya zile za kwanza iko ndani ya droo yangu.

Kosa halikuwa la fonti. Thalmann aliichora kwa ajili ya maandishi makubwa: majina, vichwa, mabango. Wembamba ule unahitaji ukubwa ili uonekane, kama uzi wa dhahabu kwenye shela. Tena zile herufi ndogo ni ndogo kuliko unavyotarajia, kwa hiyo pointi 12 za Cormorant machoni ni kama pointi 10 za fonti ya kawaida. Na ile Cormorant yenyewe ina tundu dogo sana ndani ya a na e. Ukiichapa ndogo kwa printa ya leza, tundu linajaa na herufi inakuwa doa. Ukilazimika kushuka kidogo, tumia Cormorant Garamond, ambayo matundu hayo yamepanuliwa, na usitumie Light, anzia Medium. Mimi siku hizi maneno ya wazazi nayaandika Cormorant Garamond Medium pointi 15, na sehemu ya chini, penye ukumbi, saa na simu, natumia fonti nyingine kabisa, nene na rahisi kusomeka. Wino ni mweusi au kijani kilichokolea. Kahawia hafifu nimeiachia mapambo ya pembeni.

Namba ndizo zinazowasumbua wengi, na nimeona kadi za wenzangu zikiponzwa nazo. Namba za Cormorant, usipozigusa, hazilingani urefu. 0, 1 na 2 zinakaa fupi kama herufi ndogo, 6 na 8 zinapanda, na 3, 4, 5, 7 na 9 zinaning'inia chini ya mstari. Ndivyo namba zilivyoandikwa kwenye vitabu vya zamani, na ndani ya sentensi zinapendeza: "tarehe 14 Juni 2025" inatiririka pamoja na maneno. Lakini namba ya simu inayoanza na 07 inakuwa kama ngazi iliyovunjika, sifuri juu, saba chini, na mtu anayepiga simu kutoka kwenye kadi anakosea. Namba zilizolingana zimo ndani ya fonti, zimefichwa tu. Kwenye Word, fungua dirisha la mipangilio ya fonti, nenda ukurasa wa pili wenye mambo ya ziada, kwenye aina ya namba chagua Lining. Kwenye Canva, ile programu ya kubuni kadi mtandaoni, mimi sikuweza kuzipata, ndiyo maana namba zote za Canva naziandika kwa fonti nyingine.

WhatsApp nayo ina somo lake. Sasa hivi kamati nyingi zinachapa kadi za wazee na wageni rasmi tu, waliobaki wanatumiwa picha. WhatsApp inaibana picha kabla ya kuituma, na vitu vya kwanza kupotea ni mistari myembamba. Nimeona jina zuri la Upright Light likifika kwenye simu ya mtu likiwa limebaki vipande vipande: miguu ipo, mikono haipo. Kwa kadi ya simu natumia SemiBold au Bold, majina yanachukua karibu upana wote wa picha, na namwambia mteja aitume kama faili, si kama picha. Ukitaka maandishi meupe juu ya rangi nzito, kama zambarau au bluu ya usiku, panda tena ngazi moja ya unene, hata kwenye karatasi, kwa sababu wino wa pembeni unatambaa na kuula ule weupe.

Kitu kinachonifurahisha kuliko watu wengi watakavyoelewa ni alama ya ng'. Karibu kila kadi inayo: majina ya ukoo kutoka Usukumani na Singida, "ng'ambo", "kung'ara". Watu wengi wanaandika kwa kubonyeza alama yoyote inayofanana, wengine ile ya kuinama kushoto iliyo pembeni mwa namba 1, wengine ile iliyonyooka kama msumari. Kwenye Corsiva ilikuwa haionekani sana. Kwenye Cormorant msumari ule unapiga kelele, kwa sababu kila kitu kinachouzunguka kimechongwa kwa kalamu. Weka alama sahihi, ile yenye umbo la koma iliyopandishwa juu, na utaona ilivyochorwa: kichwa kidogo cha mviringo, mkia umekunjwa na kuisha kwa ncha. Kwenye majina makubwa naisogeza kwa mkono nywele moja kuelekea g, maana nikiiacha huwa naona jina limekatika mahali pasipokatika. Ni kazi ya nusu dakika. Mtu ambaye jina lake la ukoo lina ng' ameishi miaka yote akiliona limeandikwa vibaya kwenye vyeti, na kwenye kadi ya harusi yake linastahili kuandikwa sawasawa.

Mwaka jana nilipata kazi kutoka Mombasa. Bibi harusi Mkikuyu, na familia yake ilitaka majina yaandikwe kama yanavyotamkwa, kwa ĩ na ũ zenye kiwimbi juu. Nilitegemea kuhangaika, maana fonti nyingi za mapambo zinaishia a hadi z, ukigusa kitu kingine unapata kisanduku kitupu. Cormorant ilikuwa nazo zote, nyembamba na nene, wima na mlazo. Baadaye nikaelewa sababu: Thalmann aliweka herufi za Kivietnamu, na Kivietnamu nacho kinazitumia ĩ na ũ. Mama wa bibi harusi alinipigia simu baada ya kuiona, akaniambia ni kadi ya kwanza kwao ambapo jina la bibi yake liko sawa.

Kwa kadi za nikahi kuna la kuangalia. Juu kabisa inakuja Bismillah kwa Kiarabu, na Cormorant haina Kiarabu. Nimejaribu kuioanisha na fonti kadhaa, nikatulia kwenye Amiri ya Khaled Hosny, ambayo nayo ni ya bure na imefufua herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Cairo, za mwaka 1905. Zote mbili zimetokana na kalamu iliyokatwa bapa, kwa hiyo zinaelewana. Ila Amiri ni nene kuliko Cormorant Light, na ukiziweka pamoja bila kufikiri Bismillah inakuwa nyeusi, majina yanafifia chini yake. Ninachofanya ni kuandika majina kwa Upright Medium na kuacha nafasi ya vidole viwili kati yake na Bismillah. Nina mjomba aliyekuwa akitufundisha chuoni kuandika kwa kalamu ya mwanzi. Nilimwonyesha kadi ya namna hiyo, akafuatisha herufi za Kilatini kwa kidole, moja baada ya nyingine, akasema: "Huyu naye alijua kukata kalamu." Ni sifa ambayo ningependa Thalmann aisikie.

Matawi mengine ya familia nayapitia haraka. Cormorant Infant ina a na g za umbo rahisi, zile ambazo mtoto anafundishwa darasa la kwanza. Naitumia kwa akika na kwa mabango ya shule za awali, na walimu wanaipenda. Cormorant SC, yenye herufi kubwa zilizopunguzwa kimo, inafaa kwa ile mistari ya cheo: BW. NA BI., MHE., DKT., ALHAJI. Mstari wenye vifupisho vingi ukiuandika kwa herufi kubwa za kawaida unafoka. Kwa SC unazungumza. Cormorant Unicase inachanganya maumbo ya herufi kubwa na ndogo kwa kimo kimoja, nayo siipendi kwa kazi za kwetu. Niliiweka kwenye sampuli moja, wateja wanne wakaniuliza kama kompyuta ina hitilafu.

Bei yake ni bure. Iko chini ya leseni ya SIL Open Font License, ambayo inakuruhusu kuitumia kwa kazi za biashara, kumgawia mwenzako, hata kuibadilisha na kuitoa kwa jina jingine chini ya leseni ile ile. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Nalisema hili kwa sababu najua jinsi tunavyopata fonti huku: flashi inapita kutoka duka hadi duka, ndani yake fonti mia tano, hakuna anayejua zimetoka wapi, nyingine ni za majaribio na hazina hata namba. Niliwahi kupiga kadi ya mahafali kwa fonti ya namna hiyo, ikagoma kutoa alama ya mkato. Cormorant unaipakua mwenyewe, kamili, na kijana wangu wa dukani anayo kwenye kompyuta yake bila mtu kuvunja sheria.

Watu wananiuliza kama wachukue hii au Playfair Display. Playfair, ya Claus Eggers Sørensen wa Denmark, ina mwili mnene na herufi ndogo zake ni kubwa, kwa hiyo inavumilia simu, printa mbovu na karatasi ya kawaida. Kama kazi zako nyingi ni za WhatsApp na huna nafasi ya kujaribu, chukua Playfair ulale usingizi. Na Cinzel Decorative, ya Natanael Gama wa Ureno, inapendeza kwa herufi mbili za mwanzo za majina ya maharusi zikiwa kubwa juu ya kadi. Ila haina herufi ndogo za kweli, na jina kama Mwanakhamisi kwa herufi kubwa tupu linachukua kadi nzima. Kwa jina kamili la Kiswahili, refu, lenye irabu kila baada ya hatua, sijapata inayoishinda Cormorant Upright. Irabu zile ndogo za duara zinampa msomaji mahali pa kupumzika kati ya K na K.

Kwa sasa nina kadi za nikahi ya Pangani mezani, kadi 150, majina kwa Upright Medium pointi 44, namba za simu kwa fonti nyingine. Kila sampuli naifanyia jaribio lile lile tangu siku ya yule baba: naibandika mlangoni, navuka barabara, nageuka, nasoma. Majina lazima yasomeke kutoka kule. Kisha nampa mtu yeyote mzima aliyepita dukani, bila miwani, namwomba anisomee saa na ukumbi. Leo alikuwa bibi mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Alisoma saa, akasoma ukumbi, akarudi juu kwenye majina na kuyasoma tena kwa sauti, polepole, ingawa sikumwomba. Kesho alfajiri zinapanda basi kwenda Dar kupigwa dhahabu.